Digoksini imesoma 2.3 na figo za mama zimeshuka: tuache dawa?

*"Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Tukuyu. Ana moyo uliopanuka na mapigo yasiyo na mpangilio, huu ni mwaka wa tatu. Anatumia digoksini ya 0.25 kidonge kimoja kila siku, Lasix, spironolaktoni, enalaprili na karvediloli. Mwezi uliopita tuliambiwa figo zimeshuka, kreatinini 178. Uzito wake kilo 47. Daktari akaagiza apimwe kiwango cha digoksini kwenye damu. Siku hiyo alimeza dawa saa moja asubuhi kama kawaida, damu ikachukuliwa saa nne. Jibu ni 2.3, na karatasi inasema kawaida ni 0.8 hadi 2.0. Kaka yangu anataka dawa zote ziachwe mpaka figo zipone. Shangazi aliyeko Dar anasema dawa zote za moyo zilipaswa kupimwa kwenye damu, siyo moja tu, na kama imezidi basi asafishwe damu. Mama mwenyewe siku hizi hali vizuri, chakula kinamchefua. Tulidhani ni dawa ya kikohozi aliyopewa karibuni, klarithromaisini. Tufanye nini? Ndaga fijo."*

Marahaba, dada yangu. Nianze na la kufanya leo, maelezo yatafuata. Digoksini ya kesho asubuhi msimpe. Mpelekeni hospitali leo, na kama gari limeshakosekana basi kesho alfajiri, mkiwa na karatasi ya majibu na vidonge vyake vyote kwenye mfuko mmoja, pamoja na hicho cha kikohozi. Anahitaji ECG (kipimo cha umeme wa moyo), potasiamu (moja ya chumvi za damu) na kreatinini siku hiyohiyo. Dawa nyingine za moyo endeleeni nazo mpaka aonwe. Daktari ataamua ipi isimame akishaiona potasiamu.

Sikwambii hivyo kwa sababu ya namba 2.3. Namba hiyo yenyewe siitegemei sana, na nitakueleza kwa nini. Kinachonitia wasiwasi ni mambo mengine uliyoyaandika kama vile ni ya pembeni: kidonge kizima cha 0.25, kwa mama wa kilo 47, mwenye kreatinini 178, aliyeongezewa klarithromaisini, na sasa chakula kinamchefua. Hata kama maabara isingepima chochote, ningemwita.

Tuanze na figo. Digoksini ni tofauti na dawa nyingi za moyo kwa kuwa sehemu kubwa, zaidi ya nusu, hutoka mwilini kwa mkojo ikiwa vilevile ilivyoingia. Ini haliishughulikii sana. Mtu mwenye figo nzima hupunguza nusu ya digoksini iliyomo mwilini kwa siku moja na nusu hadi mbili. Nikichukua umri, uzito na kreatinini ya mama yako na kuviweka kwenye kanuni tunayoitumia kila siku wodini, uwezo wa figo zake kuchuja unakuja kama mililita 20 kwa dakika. Kijana mwenye afya ana 100 au zaidi. Kwa uwezo huo, nusu ya dawa huchukua siku tatu, pengine nne, kuondoka. Yeye anameza kidonge kizima kila siku. Inayoingia inazidi inayotoka, na inaendelea kurundikana hadi ifikie kiwango cha juu kabisa kuliko kile kilichokusudiwa siku alipoandikiwa.

Hapa kuna mtego unaowapata hata wahudumu wazoefu. Kreatinini ni takataka inayotengenezwa na misuli na kutolewa na figo. Mama mwembamba wa miaka 68 ana misuli michache, hivyo hutoa kreatinini kidogo, na namba yake huonekana nafuu kuliko hali halisi ya figo. Kreatinini 178 kwa mwanamume wa miaka 35 anayebeba magunia ya viazi pale Uyole si sawa na 178 kwa mama yako. Na misuli hiyohiyo ndiyo ghala kuu la digoksini mwilini. Ikipungua, dawa nyingi zaidi hubaki ikizunguka. Kwa hiyo mtu mzee na mwembamba hupigwa mara mbili.

Sasa namba 2.3. Ukimeza digoksini, kwanza inajaa kwenye damu, halafu taratibu inahamia kwenye nyama za mwili, moyo ukiwemo. Kazi yake yote iko kwenye misuli ya moyo, ambako hukaa kwa wingi mara nyingi zaidi ya ule wa kwenye damu. Uhamaji huo huchukua saa sita hadi nane, na kwa mgonjwa wa figo unaweza kuchelewa zaidi. Damu ikichukuliwa kabla ya hapo, unapima dawa iliyo njiani. Mama alimeza saa moja, akachomwa sindano saa nne. Saa tatu tu. Kipimo hicho kingesoma juu hata kwa mtu ambaye dozi yake iko sawasawa. Damu ya digoksini ichukuliwe saa sita baada ya kidonge kwa uchache kabisa. Mimi hupenda zipite saa kumi na mbili tangu kumeza, au iwe asubuhi kabla kidonge cha siku hiyo hakijamezwa.

Sitawalaumu nyinyi kwa hilo. Mgonjwa huambiwa "usiruke dawa", naye anatii. Aliyeagiza kipimo ndiye alipaswa kusema: siku ya kupima, dawa nyingine meza, digoksini njoo nayo mkononi. Njia rahisi ninayowashauri wagonjwa wanaosafiri kutoka Makete, Kyela au Ileje ni kuhamishia digoksini saa mbili usiku, baada ya chakula. Basi wakifika maabara saa tatu au nne asubuhi muda umeshatimia wenyewe, hakuna wa kukumbuka lolote. Na kwenye fomu iandikwe saa ya kumeza na saa ya kuchoma. Jibu lisilo na saa hizo mbili huwa nalisoma kwa jicho moja.

Karatasi inakwambia kawaida ni 0.8 hadi 2.0. Hicho ni kipimo cha zamani ambacho maabara nyingi bado zinakichapisha. Mwaka 1997 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kwa wagonjwa wapatao 6,800 wa moyo kushindwa kufanya kazi. Digoksini haikupunguza vifo, ilipunguza kulazwa. Baadaye, mwaka 2003, watafiti walirudia takwimu za wanaume waliokuwamo humo wakaona waliokuwa na 0.5 hadi 0.8 walifanya vizuri, na wale wa 1.2 kwenda juu walikufa zaidi kuliko wasiopewa dawa kabisa. Tangu hapo, kwa moyo ulioshindwa, wengi wetu tunalenga 0.5 hadi 0.9. Maana yake, hata kama mama angepimwa kwa wakati sahihi akapata 1.8, karatasi ingesema "kawaida" nami ningepunguza dozi. Angalieni pia vizio. Namba ninazokutajia ni nanogramu kwa mililita. Kuna maabara zinazotoa jibu kwa nanomoli kwa lita, ambako namba huwa kubwa kidogo kwa damu ileile: 0.9 ya huku ni kama 1.15 ya kule.

Kuna jambo jingine la wagonjwa wa figo. Figo zikidhoofika sana, damu huwa na vitu vya mwili wenyewe vinavyofanana na digoksini, na baadhi ya mashine huvihesabu humo. Ndiyo maana mgonjwa mwenye figo mbovu anaweza kusomwa na digoksini kidogo ilhali hajawahi kuimeza. Baadhi ya mimea nayo huvuruga kipimo. Digoksini asili yake ni mmea wa Ulaya, na ndugu zake wa kazi tunao huku kwetu: Strophanthus kombe, mmea utambaao ambao mbegu zake zilitumika kwa sumu ya mishale katika nchi za kandokando ya Ziwa Nyasa. John Kirk, aliyekuwa na Livingstone katika safari ya Zambezi, aliona mapigo yake ya moyo yakibadilika kwa sababu mswaki wake ulikaa pamoja na mbegu hizo. Nasema haya kwa sababu ukiuliza nyumbani mara nyingi kuna chupa ya mizizi chini ya kitanda, imeletwa na mtu mwema. Kama ipo, itajeni kwa daktari. Hatagomba, na akigomba vumilieni, anahitaji kujua.

Potasiamu nimeitaja mara kadhaa, na ndiyo kiini cha suala hili kuliko hata namba ya digoksini. Juu ya chembe za moyo kuna pampu ndogo zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Digoksini hufanya kazi kwa kuzikalia pampu hizo. Potasiamu nayo inataka palepale. Ni abiria wawili na kiti kimoja kwenye Coaster ya Tukuyu kwenda Mbeya: potasiamu ikiwa chache, digoksini inakaa bila kusukumwa na mtu, na dozi ileile inageuka sumu hata kama damu inasoma 1.0. Mama yako anatumia Lasix, inayotoa potasiamu kwa mkojo. Lakini anatumia pia spironolaktoni na enalaprili, zinazoizuia isitoke, na figo zake zenyewe hazina nguvu ya kuitoa. Kwa hiyo anaweza kuwa chini, anaweza kuwa juu. Kwa macho haijulikani. Mtu asikuambie "ana Lasix, mpe ndizi". Rungwe mna ndizi na maparachichi mlangoni, na vyote viwili vimejaa potasiamu. Kwa mgonjwa wa figo anayemeza spironolaktoni, sahani kubwa ya ndizi kila siku pamoja na parachichi inaweza kuisukuma potasiamu mpaka moyo usimame. Asinyimwe kabisa. Subirini jibu, halafu mpangiwe kiasi.

Na hilo jibu la potasiamu nalo lina vituko vyake. Damu ikitikiswa sana, mfano kichupa kilichopanda bodaboda kutoka kituo cha afya, chembe zake hupasuka na kumwaga potasiamu, jibu likaja juu kwa uongo. Baridi nayo hufanya vivyo hivyo: damu isiyotenganishwa ikikaa saa nyingi kwenye chumba cha baridi, potasiamu huvuja kutoka kwenye chembe. Juni na Julai nyanda za juu tunaliona hili. Jibu lisiloendana na mgonjwa wala ECG lirudiwe, damu ichukuliwe palepale penye mashine. Magnesiamu nayo ipimwe kama inawezekana, kwa kuwa Lasix huipunguza na ikishuka huongeza ukali wa digoksini.

Klarithromaisini haikumchefua kwa tumbo tu, ingawa hilo nalo hutokea. Kuna mlango kwenye utumbo na kwenye figo unaosukuma digoksini nje ya mwili, na antibiotiki hii huufunga. Matokeo ni kwamba digoksini huongezeka bila mtu kuongeza kidonge hata kimoja. Erithromaisini, amiodaroni na verapamili hufanya hivyohivyo kwa viwango tofauti. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huishusha. Na diklofenaki, ile ya magoti ya baada ya palizi, haigusi mlango huo lakini huzikaba figo, na mwisho wa safari ni uleule. Duka la dawa lolote mtakaloingia, semeni kwanza: anatumia digoksini na figo zake haziko sawa. Watu wengi hutaja presha, hawataji hilo.

Kwa shangazi wa Dar: hoja yake ina mantiki, ila si hivyo ilivyo kazi. Dawa nyingi za moyo hatuzipimi zenyewe kwenye damu, tunapima zinachofanya. Karvediloli tunaisoma kwenye mapigo na presha. Isitoshe hiyo huchakatwa na ini, hivyo figo zikishuka si lazima ibadilishwe. Atenololi, ambayo wengi wanayo majumbani, ni kinyume: inatoka kwa figo, na mgonjwa wa figo huanza kuwa na mapigo 45 bila kujua sababu. Enalaprili na spironolaktoni tunazifuata kwa potasiamu na kreatinini. Warfarini, ya kuzuia damu kuganda, ina kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Digoksini inapimwa yenyewe kwa sababu umbali kati ya dozi inayosaidia na inayodhuru ni mdogo mno, na kwa sababu dalili zake za mwanzo, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, uchovu, zinafanana na kila kitu: malaria, vidonda vya tumbo, uzee. Kupima kila mwezi bila sababu ni kuchoma nauli. Sababu ni kama hizi: figo zimebadilika, dawa mpya imeongezwa, dalili zimeanza, au dozi imebadilishwa.

Kusafisha damu hakutasaidia kwa hili. Mashine husafisha kilichomo kwenye damu, na digoksini karibu yote iko kwenye nyama. Ukitoka kwenye mashine, kiasi kilekile kinarudi. Mashine inaweza kuhitajika kwa potasiamu iliyopanda vibaya au figo zilizozima, hilo ni jambo jingine. Dawa ya kuinasa digoksini ipo, hutengenezwa kwa kingamwili, lakini ni ghali kupindukia na sitakudanganya kwamba utaikuta ukiihitaji usiku wa manane. Kwa wengi wetu matibabu ni kusimamisha, kurekebisha potasiamu, kumweka mgonjwa kwenye mashine ya kufuatilia mapigo, na kungoja figo zifanye zinavyoweza.

Na kaka yako. Kuacha dawa zote ni hatari kuliko tatizo lenyewe. Karvediloli ikikatwa ghafla moyo unaweza kukimbia. Lasix ikikatwa maji yatarudi kifuani. Figo za mgonjwa wa moyo mara nyingi hushuka kwa sababu moyo hauzipelekei damu ya kutosha, hivyo kuunyima moyo dawa kusubiri figo zipone ni kuzingojea zisipone. Digoksini peke yake ndiyo ninayotaka isimame kwa muda, na hapo msiogope kwamba moyo utabaki mtupu: nusu yake itakuwa bado mwilini baada ya siku tatu hivi.

Baadaye kuna njia mbili, na daktari wenu ataona ipi inamfaa. Moja ni kuirudisha kwa dozi ndogo. Kwa hesabu zangu kidonge kizima kwa figo hizo kingempeleka kwenye 2 na zaidi, na robo yake, yaani mikrogramu 62.5 kwa siku, ndiyo ingemweka pale tunapopataka. Vidonge vya 62.5 ni vigumu kupatikana huku, na robo ya kidonge kile kidogo haikatiki kwa kisu ikawa robo. Nusu kidonge siku moja, siku ya pili hapana, huja palepale. Msianze wenyewe lakini. Baada ya kubadilisha, kipimo kirudiwe wiki mbili hadi tatu baadaye, kwa kuwa kabla ya hapo mwili wake haujatulia kwenye dozi mpya. Njia ya pili ni kuiacha moja kwa moja na kuyashika mapigo kwa karvediloli. Mimi, kwa mama wa kilo 47 mwenye figo za 20 na safari ya kwenda Mbeya kila anapohitaji kipimo, naelekea kwenye hiyo ya pili, hasa kama presha yake inaruhusu karvediloli kupanda kidogo. Mwenzangu anaweza kuona tofauti akiwa na sababu nzuri, kama mama amekuwa akilazwa mara kwa mara kabla ya kuanza digoksini.

Kama kabla hamjafika hospitali mama atazimia, atatapika mfululizo, ataanza kuona vitu vya njano au taa zenye duara, atachanganyikiwa, au mapigo mkiyahesabu dakika nzima yatakuwa chini ya 50, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku. Hesabuni kwa kuweka sikio au mkono kifuani, siyo kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu mapigo yasiyo na mpangilio mengine hayafiki mkononi. Hospitali ya wilaya ina uwezo wa kuanza; ECG ikiwa mbaya au potasiamu ikiwa imepotoka sana, wampe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na aende na gari la wagonjwa, asipakiwe kwenye Noah.

Mkiwa mnatafuta makaratasi, tafuteni kreatinini ya zamani, hata ya mwaka juzi. Kama ilikuwa 160 basi figo hizi zimechoka siku nyingi, na dozi ndiyo iliyochelewa kupunguzwa. Kama ilikuwa 90, kuna kitu kimeziangusha hivi karibuni, na kinatakiwa kitafutwe: kupungukiwa maji mwilini, diklofenaki, mkojo kuziba. Nitumieni namba hiyo pamoja na ya potasiamu.